Ingizo Moja Yatima

Kampuni ilinituma kuizima seva
ya kiwanda cha karatasi kando ya mto Kymi,
mwezi wa Februari, theluji imefika madirishani.
Tellervo Kuusniemi alinipokea na daftari la jalada la buluu.
"Soma hili kwanza," alisema. "Mashine itasubiri."

Kila toleo alikuwa ameliandika kwa mkono.

Toleo la pili: diski kumi na moja, ya saba mbovu.
Barua zinasafiri usiku kwa waya wa simu,
kwa kuwa usiku ni nafuu.
Mhasibu ameichapisha yake ya kwanza, akaitia kwenye faili.

Toleo la tatu: nukta za juu ya herufi zimerudi.
Mwaka mzima tuliitana majina yaliyong'oka meno,
Hämäläinen akawa H?m?l?inen,
akakataa kuitika.

Toleo la nne: kalenda.
Hapa wino umekolea.
Kuanzia leo hakuna atakayesema sikuambiwa.
Urpo Lintula wa boila, aliyeapa hagusi kompyuta,
ametuma mwito wake wa kwanza na wa pekee:
Kahawa. Chumba cha boila. Kila Alhamisi, saa nane na robo.
Penye mwisho wa marudio ameacha wazi.

La tano lilileta kitone cha kijani kando ya jina la aliyepo.
Watu wakajifunza kusinzia huku wakitikisa kipanya.
La tano nukta moja: kiraka.
Nukta mbili: kiraka cha kiraka.

La sita lina kitufe cha kuirudisha barua iliyokwisha kwenda.
Meneja alikihitaji wiki hiyohiyo:
orodha ya watakaoachishwa, majina arobaini na mawili,
imekwenda kwa kiwanda kizima badala ya makao makuu.
Kitufe huwafaa wasiofungua bado.
Wote walikuwa wamefungua.
Maji yamemwagika, na kioo kinauliza kwa adabu
kama una hakika unataka kuyazoa.

Toleo la saba: utafutaji ni wa haraka.
Na mstari mmoja usiohusu programu:
Urpo, tarehe tisa Machi, moyo.
Akaunti nimeifunga mwenyewe. Mwito umegoma kufutika.
Mwenye mkutano ndiye pekee awezaye kuuvunja.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo.
Lake lilikuwepo.
Kila Alhamisi, saa nane na robo, kompyuta tisa zililia pamoja,
na watu tisa wakainuka, kisha sita,
kisha boila likang'olewa, chumba kikawa cha baiskeli,
wakanywa wamesimama kati ya magurudumu,
kisha watatu.
Toleo la nane: nimeuhamisha kwa mkono.
Hakueleza kwa nini. Kurasa zilizobaki ni tupu.

La tisa lilikuwa langu, la kwenda winguni.
Saa sita programu ilihesabu, mimi nikila mkate wa shayiri,
hadi kioo kikatoa ripoti:
barua zote zimefika. Ingizo yatima: moja.
Futa, au taja mmiliki aliye hai.

Nilimwita. Alikuwa akifunga kikombe chake kwenye gazeti.
Alisoma, akavua miwani, akaipangusa kwa sweta.
"Fundi ni wewe," alisema,
akaenda kutafuta kamba ya kufungia sanduku.

Jina lake lingefutwa Ijumaa, siku ya kustaafu.
Hapo mbele yangu kisanduku kikipepesa kijistari chake
kama mtu anayengoja uketi ndipo aanze kusema.
Niliandika jina langu.
Nikaizima seva. Feni zilichukua muda kunyamaza.

Sasa naishi Oulu, safari ya siku nzima kwa gari moshi,
na chai ndiyo kinywaji changu.
Alhamisi, saa nane na robo, simu hulia mfukoni:
Kahawa. Chumba cha boila.
Nitakuja. Siji. Labda.

Ni mimi tu niwezaye kuuvunja.
Hubonyeza labda.